Magadi Yatolewe Kwenye Kioo Chetu

Kwa Meneja wa Kiwanda cha Vioo,
Ghorofa ya juu, penye feni.

Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, mimi ni msimamizi wako wa chumba cha kufungashia, yule mwenye miwani iliyofungwa uzi. Siku hizi najipikia mwenyewe, na sababu ni magadi.

1. Ulitugawia majiko ya umeme ya majaribio, yenye uso wa kioo chetu. Langu nilimpelekea mama mkwe. Likiwa baridi alilipapasa, akanibariki. Lilipopata moto sawasawa akagusa sufuria, akarushwa na umeme hadi kwenye kabati la vyombo. Alipopata sauti akasema, "Mkwe, kama umenichoka si ungesema tu?" Mke wangu amehamia huko kumuuguza, na simu zangu hapokei.

2. Nikamwendea shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye ndiye mchanganyaji wetu wa malighafi. Akanijibu bila haya, "Magadi tunatia ili mchanga uyeyuke upesi. Kioo kikiwa baridi, yametulia. Kikipata moto, yanatembea na umeme mgongoni." Mheshimiwa, mtu anajua haya na bado anapata usingizi!

3. Akaongeza kwamba ukitoa nusu ya magadi ukaweka potasi, ndugu yake magadi, umeme hupita kwa taabu, kwani hao wawili huzibiana njia. Hilo naliamini. Dada yangu alipokuja kukaa na mke wangu, hata chumvi haikupita kutoka jikoni hadi mezani.

4. Lakini kwa nini tuishie nusu? Naomba magadi yapigwe marufuku kabisa. Langoni awekwe askari wa kuyanusa. Wafanyakazi wanaopika maharage kwa magadi wapimwe kabla ya kushika swichi, maana mtu akipata homa naye ni moto.

5. Naomba pia uende mwenyewe kwa mama mkwe, umevaa tai, ukamweleze kuwa kilichomrusha ni magadi, si mimi.

Nisalimie wote huko juu, na katibu muhtasi wako asisahaulike. Sisi wa chini tunapumua.

Wako mtiifu, mwenye njaa,
Msimamizi wa Kufungashia

Nyongeza: Ili kukupunguzia kazi, jana nilimsihi shemeji aache magadi. Akaacha, kwa ajili ya mama yake. Leo tanuri limegoma. Kumbe tanuri letu huyeyusha kioo kwa kupitisha umeme ndani ya kioo chenyewe, na yanayoupitisha ni magadi! Mafundi wameketi juu ya mifuko ya mchanga, wananitazama mimi. Tafadhali leta magadi, lori zima, na barua hii uisome kuanzia hapa.