Ukuta Nilioupiga Plasta kwa Hisani

Leo nimeaibika, tena kwa mkono wangu mwenyewe.

Mnalijua lile jengo la ofisi pale mjini, la zege tupu, la kijivu, ambalo sisi mafundi wa Manyatta tumelihurumia miaka yote. Tulisema mwenye jengo aliishiwa pesa kabla ya plasta. (Habari hiyo niliieneza mimi.)

Asubuhi msimamizi wake, Mama Akinyi, aliniita nizibe shimo kando ya mlango. "Fundi, ziba hii shimo smart. Nikipenda kazi yako, choo zote za ghorofa nne ni zako." Kupiga plasta vyoo vya ghorofa nne! Na mwezi huu sijashika mwiko hata mara moja.

Kufikia saa nne nimemaliza. Tatizo, saruji ilibaki nusu karai. Fundi hatupi saruji iliyokorogwa. Ni kama kumwaga uji. Nikautazama ukuta wa mlangoni. Maskini, umejaa alama za mbao zilizoshikilia zege likikauka, mpaka macho ya mti yanaonekana! Nikaumwagia maji, nikaupiga plasta. Haikutosha, nikakoroga nyingine. Ukalainika kama sahani.

Saa sita akaja mzee mwenye suti, na wanafunzi kumi na watano kutoka Nairobi. Kumbe ndiye aliyelichora jengo.

"Jengo hili halifichi lilivyojengwa," akawaambia. "Kila ubao niliuchagua mwenyewe. Pitisheni mikono kwa huu ukuta, mguse alama za mti."

Binti mmoja akapitisha. Mkono ukazama kwenye plasta mbichi.

"Nani amefanya hii?" mzee akauliza.

Nikadhani ni sifa. Nikapangusa mikono, nikajitokeza. "Ni mimi, Mzee. Na hiyo sidai kitu!"

"Yawa!" Mama Akinyi akashika kichwa.

Nimeusugua ukuta huo kwa brashi na maji mpaka saa tisa, mzee akiendelea kufundisha, akininyooshea kidole kila alipotaja uharibifu. Wanafunzi waliandika. Mmoja akanipiga picha. (Filamu itasafishwa Nairobi, kwa hivyo huko pia nitajulikana.)

Alama za mbao zikarudi, tena safi kuliko za kuta zingine zote. Mzee akazipapasa, akamnong'oneza Mama Akinyi.

Kazi nimepata. Si ya vyoo. Mimi, fundi wa plasta miaka kumi na miwili, Jumatatu naanza kuosha jengo zima lisilotaka plasta. Mkitaka kucheka, ngojeni kwanza niondoke.