Fundi Mmoja Anatosha

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Shangazi, mwenye duka hili la vifaa vya ujenzi na mwenye sauti inayosikika ng'ambo ya barabara, katangaza kwamba madaftari basi. Tunahamia kwenye hifadhidata. Wateja, mzigo, oda, vyote ndani ya kompyuta. Mtu mmoja atachaguliwa kuusimamia mfumo. Atapewa chumba cha nyuma, chenye feni na kiti cha kuzunguka. Mwingine atahamia uani kupima misumari kwenye vumbi la saruji. Uamuzi Jumatatu ijayo.

Wa kuchaguliwa tupo wawili tu. Mimi, mtoto wa kaka yake, damu yake kabisa. Na keshia, ambaye namwita Bi Una-Hakika, kwa sababu hata ukimwambia mvua inanyesha atakuuliza kama una hakika. Sina wasiwasi. Nimeshakikalia kile kiti. Nilizunguka mpaka kizunguzungu kikanishika, nikaangusha kopo la rangi. Nimelisukuma chini ya meza yake.

Jumanne, 4 Machi

Mafunzo. Mtaalamu aliyetuuzia mfumo kaja amevaa koti zito, na joto lote hili. Kaeleza kwamba hifadhidata ni majedwali. Kila mteja ana mstari wake. Kitu kimoja kinaandikwa mara moja tu, hakuna kurudiarudia. Hapo nikaelewa yote. Mtu mwenye akili zake hahitaji kukaa mpaka mwisho. Nikatoka kwenda kwa mchora vibao kuagiza kibao cha mlango: MKUU WA MFUMO. Neno "msimamizi" limekaa kinyonge.

Niliporudi mtaalamu alikuwa anamalizia habari ya namba za wateja. Bi Una-Hakika anaandika huku jasho linamtiririka. Masikini! Kaniuliza kama sitaki kunakili hiyo sehemu ya namba. Nikamjibu kwamba mimi nashughulika na mambo makubwa. Kauliza kama nina hakika. Mnaona?

Jumatano, 5 Machi

Kazi ya kuingiza wateja. Ni balaa. Dukani kwetu hakuna mteja mwenye jina. Tangu enzi za marehemu babu, ukija na ovaroli wewe ni Fundi, ukija na mwavuli wewe ni Mama, ukinung'unikia bei wewe ni Mzee. Kwenye daftari ni Fundi, Fundi, Fundi, ukurasa mzima. Dereva wa lori ndiye anayewajua kwa sura na kuwapelekea mizigo yao. Mfumo haujui sura.

Bi Una-Hakika kachukua namba za simu kwa dereva, kaamua kumpigia kila fundi. Anakaa wapi, kaagiza nini, kisha anampa namba yake ya mteja. Fundi mmoja kamjia juu, eti ananunua hapa tangu hajaoa, leo ndiyo anaulizwa yeye nani! Nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Shangazi akapita, akamsifu keshia kwa uvumilivu. Kicheko kikanikauka. Roho imeniuma, sifichi.

Nywila yangu niliifanya ngumu kupindukia ili asije akaiba siri zangu. Sasa siikumbuki. Mtaalamu karudi kunifungulia, akanishauri niweke neno nisiloweza kulisahau. Nimeweka "mimi".

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimemaliza mchezo. Bi Una-Hakika katoka kwenda kula, nami huyo, mpaka kwenye jedwali la wateja. Aibu iliyoje! Kweli kila mstari una namba yake na mtaa wake, lakini jina? Fundi. Fundi. Fundi. Kurudiarudia kulekule alikokataza mtaalamu! Mwanamke kahangaika siku zote hizi kumwandika mtu yuleyule.

Kuna kitufe kinaitwa Unganisha. Nikawateua mafundi wote, nikabonyeza. Mfumo ukaniuliza kama nina hakika. Hata wewe! Nikabonyeza Ndiyo mpaka kipanya kikalia. Mafundi wote wakawa Fundi mmoja, wa juu kabisa, na oda zote zikaenda chini yake. Jedwali likawa fupi, safi, linapendeza. Palikuwa na kisanduku cha maelezo ya mabadiliko. Nikaandika: "Usafi mkubwa umefanywa na Mkuu wa Mfumo, peke yake, bila msaada wowote wa keshia."

Nikamwambia Shangazi kwamba wateja walikuwa wamejaa uchafu na nimewasafisha. Kasema vizuri, mwanangu. Mwanangu! Machozi yalinilengalenga. Halafu kamwita dereva, akamwambia kuanzia kesho karatasi ya kompyuta ndiyo bosi, apeleke mizigo ilikoandikwa, kichwa chake kipumzike. Dereva kanuna. Kasema sawa, kitapumzika.

Jumamosi, 8 Machi

Jamani.

Yule Fundi wa juu kabisa ni fundi bomba. Mtu mpole, anaishi na mkewe kwenye nyumba ndogo nyuma ya kituo cha mafuta. Aliagiza koki moja. Koki ya jikoni tu!

Asubuhi dereva kampelekea koki. Kisha mabati. Kisha saruji, milango, madirisha, mbao za paa, na masinki ya choo yaliyopangwa mstari kuanzia mlangoni mpaka barabarani. Dereva anasema aliona ni ajabu, lakini kichwa kilikuwa kimepumzika.

Fundi bomba mwenyewe alikuwa kazini. Mkewe ndiye aliyepokea. Kahesabu milango, kahesabu vyoo, kajumlisha mwenyewe: mume wangu anajenga nyumba nyingine, na kubwa kuliko hii, sasa anamjengea nani? Kufika saa sita kashafunga nguo zake, kampigia mama yake, kisha kaja dukani kututazama sote usoni. Nyuma yake mafundi wengine wote, kila mmoja anadai mzigo wake. Duka likajaa ovaroli mpaka nje.

Shangazi kaniamuru nimweleze yule mama. Nikamwelezea kitaalamu, kwa upole kabisa, kwamba kwenye mfumo mume wake sasa ndiye mafundi wote wa mji huu. Kauliza: na wake zao wote ni wake zake? Nikasema sehemu hiyo bado hatujaiingiza. Hapo ndipo alipoanza kulia. Nilijisikia vibaya, kwa kweli. Hata nilimpa kiti.

Nikamnong'oneza Shangazi kwamba huenda keshia ndiye kakosea. Mtaalamu, aliyeitwa mbio mbio bila koti, akasema hilo ni jambo dogo, mfumo unaweka kumbukumbu ya kila anayebadilisha kitu. Akafungua, akasoma kwa sauti mbele ya umati. Usafi mkubwa. Peke yake. Bila msaada wowote wa keshia. Shangazi akauliza huyu Mkuu wa Mfumo ndiye nani. Nikasema hata mimi nashangaa. Na ni wakati huohuo, wallahi, mchora vibao akaingia na kibao changu, akaniita kwa cheo.

Jumatatu, 10 Machi

Kumbe Bi Una-Hakika kila jioni alikuwa anatoa nakala ya akiba ya hifadhidata nzima kwenye flashi, anaondoka nayo kwenye mkoba. Mimi nilidhani ni muziki. Mtaalamu kairudisha nakala ya Alhamisi, mafundi wote wakafufuka, kila mmoja na namba yake na mtaa wake. Mwenye duka mzima, Shangazi mwenyewe, kaenda kumwomba radhi mke wa fundi bomba na kurudisha masinki. Mama kafungua mizigo ya nguo zake. Inasemekana lakini amebaki na mlango mmoja, kaupenda.

Uamuzi ukatolewa. Chumba, feni na kiti kwa Bi Una-Hakika. Mimi, misumari.

Nilijikaza kiume mpaka uani, huko nikalia kidogo nyuma ya saruji. Si kwa ajili ya kiti. Ni lile neno "mwanangu". Leo kaniita "wewe".

Jioni Bi Una-Hakika kaja mwenyewe uani. Kaniambia kanifungulia akaunti mpya: naweza kuona majedwali yote, ila siwezi kubadilisha chochote. Kutazama tu. Nimelifikiria sana jambo hili. Nani katika dunia hii hutazama tu bila kugusa? Wakubwa! Wadogo ndio wanaogusa. Kwa hiyo kimsingi nimepandishwa cheo, naye hajagundua.

Ijumaa, 14 Machi

Mungu hamtupi mja wake! Mwalimu mkuu wa shule ya chekechea ya mtaa wa pili kaja uani kununua misumari. Kalalamika kwamba orodha ya watoto wake imemshinda, iko kwenye kompyuta lakini hana wa kuitazama. Nikajitambulisha. Nikamweleza kwamba mimi ni mzoefu, nimewahi kuunganisha wateja wengi kwa siku moja. Kafurahi mno. Kanikabidhi kompyuta mchana huohuo, pamoja na ruhusa ya kugusa.

Safari hii siendi kwa pupa. Mambo yale ya dukani yalitokea kwa sababu nilitazama jina peke yake. Leo nimetazama kila kitu. Jina la ukoo, tarehe ya kuzaliwa, mama, baba, simu, nyumba, hata picha. Na ndani ya nusu saa nimekamata kosa ambalo shule nzima haikuliona tangu mwaka uanze! Kuna mtoto kaandikwa mara mbili. Ukoo uleule, siku ileile ya kuzaliwa, mama yuleyule, simu ileile. Sura ileile kabisa, mpaka pengo la jino! Mwandishi alichokosea ni jina la kwanza tu.

Mfumo ukaniuliza kama nina hakika. Mara hii nikatulia, nikavuta pumzi, nikaitazama ile picha mara ya pili.

Nimemfuta mmoja. Jumatatu nasikia mama yao anakuja shuleni kuwachukua. Nimeomba nikae pale mlangoni, nimpe mwenyewe habari njema.