Austine Emorut na Usukani Unaotetemeka

Kijana mkubwa kuliko vijana wote wa Malaba alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu, meno ya bandia, na cheo cha Mwenyekiti wa Kamati ya Vijana. Jina lake Opolot. Cheo hicho alipewa na wakubwa wenzake ili pesa za vijana zisipotee ovyo. Zikipotea, zipotelee mahali panapojulikana.

Siku moja Opolot alisimama mbele ya madereva wa malori na watu wa boda boda, waliokuwa wakingoja mitambo ya forodha ya mpakani iamke, akatangaza kwa kipaza sauti kwamba kamati yake itanunua mtambo wa mbio za magari.

"Kijana atakaa kwa kiti, atashika usukani, ataona barabara kwa skrini, na ataendesha gari bila gari!"

Watu wakacheka. Barabara yao wenyewe ilikuwa na mashimo ya kufugia kambare, na hawa wakubwa walikuwa wanakwenda kuwanunulia barabara ya kwenye televisheni. Lakini Austine Emorut, aliyekuwa ameegemea pikipiki yake pembeni, hakucheka. Alikaza tai yake nyekundu. Huyu Austine aliwahi kumuuzia dereva wa kutoka Kigali nafasi ya mbele katika foleni ambayo haikuwa inasogea, na dereva akamshukuru. Mtu kama huyo akisikia neno "kununua" likitoka kwa mkubwa, damu yake inapiga makofi.

Alimngojea Opolot penye gari lake.

"Mheshimiwa, huo mtambo utaununua wapi?"

"Nairobi. Kwani wewe ni nani?"

"Mimi ni mtu wa kukuokoa. Nairobi watakuuzia usukani wa watoto. Sikia. Huu mchezo hauanzi kwa skrini, unaanza kwa usukani. Na sukani ni za aina tatu. Kuna ya mpira: ndani imefungwa mpira kama wa manati, ukizungusha inajirudisha, haikuambii chochote. Kuna ya gia ndogo ndogo: hiyo inatetemeka, lakini inagonga kama meno ya mgonjwa wa malaria. Halafu kuna ya mota moja kwa moja. Hiyo, Mheshimiwa, tairi likikanyaga changarawe huko ndani ya skrini, mkono wako unajua. Ukiteleza, inavutana na wewe kama mtu mliyekosana."

Opolot alimeza mate. "Na mtu anayeanza ananunua ipi?"

"Anayeanza kwa pesa zake ananunua ya katikati. Anayeanza kwa pesa za umma ananunua ya mota."

Opolot alicheka mpaka akashika meno yake. Kisha akashusha sauti. "Na risiti?"

"Risiti itaandikwa na mtu mwenye mkono mpana, Mheshimiwa. Tarakimu zitapata nafasi ya kunyoosha miguu."

Wakaelewana kama ndugu. Maonyesho yakapangwa kesho yake, katika ghala la mahindi ambalo Opolot aliliita ukumbi.

Sasa shida ya Austine ilikuwa moja tu: hakuwa na usukani wa mota. Alikuwa na ule wa mpira, aliouokota kwenye marundo ya mitumba ya Busia na kuuvisha ngozi ya kochi ili uonekane mzito. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Ataazima usukani wa kweli, autumie kwenye maonyesho, halafu Opolot akianza hotuba, yeye atalegeza skrubu mbili, wa kweli uingie kwenye gunia, wa mpira uingie kwenye boksi, boksi lifungwe kwa gundi ya karatasi. Kabla Mheshimiwa hajafungua boksi, Austine atakuwa amekwisha kula, kulala na kusahau.

Usukani wa kweli Busia yote alikuwa nao Benedetta Nasambu, mwenye duka la michezo ya video, mwanamke aliyetumia maneno kama mtu anayeyanunua. Benedetta akataka dhamana. Austine akatafuta mfukoni, akatafuta moyoni, akaona hana kitu ila pikipiki. Hapo alisita kidogo, kwa sababu pikipiki ile ndiyo iliyomlisha yeye na mkewe Amuron, na tena ndicho kitu pekee maishani mwake alichokipata bila kumdanganya mtu.

"Usukani na mashine yake yote, urudishe kesho kabla sijafunga duka," Benedetta akasema. "Kwa mkono wako mwenyewe. La sivyo pikipiki ni yangu."

"Dada, mimi nimewahi kukudanganya?"

"Bado. Ndiyo maana tunaongea. Unaupeleka wapi?"

"Kwa Mheshimiwa Opolot, Malaba. Maonyesho tu."

"Maonyesho," akasema Benedetta, kana kwamba neno hilo lilikuwa na nywele. "Hapo Alupe nina rafiki wa kanisa. Anapenda mambo mapya. Nitamwambia aje aone."

"Aje! Watu wakijaa ndiyo raha!" Austine akajibu, akaacha funguo mezani, akapanda boda ya mtu mwingine.

Asubuhi ghala lilijaa. Walikuja madereva, walikuja kina mama wa vikundi, walikuja hata wanaobadilisha pesa, ambao huwa hawaachi meza zao hata nyumba ikiungua. Austine alibana usukani kwenye meza ya mvule kwa zile skrubu mbili. Nyuma ya kiti cha plastiki akaegemeza gunia la mahindi, kwa sababu breki ya mtambo ni ngumu, inataka kukanyagwa kwa nia, na kiti kisipozuiliwa kinarudi nyuma na aliyekikalia. Kisha akakaa, akawasha. Injini ikanguruma kwenye spika. Usukani ukatetemeka, ukamvuta kushoto, yeye akauvuta kulia, tai ikaruka begani, na ghala zima likapinda kona pamoja naye.

"Wuuuu!"

Akatoka kitini jasho likimtiririka, akawapa wengine zamu. Dereva mmoja wa lori la tani thelathini akapanda juu ya mti wa kwenye skrini. Mwingine akagonga ukuta, akaomba msamaha kwa sauti. Opolot akashika kipaza sauti, akaanza hotuba kwa kuwashukuru wakubwa wote, mmoja mmoja, kwa majina. Austine akajua ana muda wa kutosha hata wa kujenga nyumba. Akatoka nje kuchukua boksi, na gunia lenye ule usukani wa mpira.

Aliporudi, mguu wake ulikataa kuvuka mlango.

Kitini alikuwa amekaa Mama Ajiko wa Alupe. Amevua viatu, amejifunga leso kiunoni, ameshika usukani kwa mikono miwili. Mama Ajiko, mamake Amuron. Mama mkwe wake.

Kwa Wateso wa hapo, mwanamume na mama wa mkewe hawashikani mikono, hawakalii kiti kimoja, hawakai ndani ya chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Wakiwa na la kuambiana, wanamtuma mtu wa tatu, hata kama kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri. Si ugomvi, ni heshima. Austine alikuwa ameshadanganya askari, mwalimu na mzee wa kanisa, lakini mlango ule hakuuweza. Huo ulikuwa mpaka usio na njia za panya.

Akazunguka mpaka dirishani.

"Mheshimiwa! Mheshimiwa! Mwondoe huyo mama!"

"Nimwondoe kwa nini? Ona anavyopendeza kwa picha!"

Na kweli. Mama Ajiko alikuwa anakwenda upande ambao magari mengine yote yalikuwa yanatokea.

"Songeni! Mnanijia kwa nini? Songeni!"

"Mama, breki! Ni hiyo ya katikati!" kina mama wakapiga kelele.

"Breki ni ya waoga! Lakini huu usukani mbona unanivuta?"

"Vuta na wewe!"

"Mimi nimelima na fahali wawili tangu niolewe. Huyu mmoja ataniambia nini?" Akauvuta, gari likageuka, vigelegele vikapasua mabati.

Austine akamwita dereva wa tani thelathini, akamnong'oneza aingie alegeze zile skrubu. Dereva akainama chini ya meza. Akatoka mbio akishika kichwa, kiatu cha Mama Ajiko kikimfuata.

"Mwambieni mama," Austine akasema dirishani, "mtambo umepata joto, unataka kupumzika."

Mama Ajiko hakugeuka. "Mwambieni anayeongea dirishani, hata mimi nimepata joto na sipumziki."

"Mwambieni mama, huo usukani ni wa wenyewe."

"Mwambieni mkwe wangu, basi aingie auchukue."

Ndipo ghala likaelewa. Kicheko kilianzia kwa kina mama, kikaruka kwa madereva, kikafika kwa wanaobadilisha pesa, ambao mara moja walianza kuwekeana dau kama Austine ataingia au hataingia. Hakuna aliyeweka dau kwamba ataingia.

Opolot akapiga meza. "Emorut! Wacha mchezo, njoo uchukue pesa yako!" Bahasha ilikuwa hapo, nene, kando ya kiwiko cha Mama Ajiko.

"Nipitishie hapa dirishani, Mheshimiwa."

"Pesa za umma hazipitii dirishani!" akasema Opolot kwa ukali, yeye ambaye zake hazikuwahi kujua mlango.

Austine akatumia ujanja wa mwisho. Akazunguka nyuma, akashusha swichi kubwa ya stima. Ghala likawa giza, injini ikanyamaza. Akangoja asikie viti vikisogezwa. Hakusikia hata kimoja. Alikuwa amesahau yuko wapi. Watu waliozoeshwa na wakubwa kungoja stima hawainuki kwa sababu imepotea. Walikaa tu. Kina mama wakaanzisha nyimbo za kanisa, ubeti kwa ubeti, na Mama Ajiko akawa anazungusha usukani gizani ili mkono usipoe. Walipofika wimbo wa tano, Austine akarudisha swichi mwenyewe. Wakamshukuru Mungu.

Hapo akasikia pikipiki ikija. Aliijua kwa mlio, kama mzazi anavyojua kikohozi cha mwanawe. Benedetta Nasambu akashuka, akapita mlangoni kana kwamba mlango haukuwa na neno, akamkumbatia Mama Ajiko shingoni. "Mama, umeona mambo mapya?"

Rafiki wa kanisa! Austine akashika fremu ya dirisha.

Benedetta akamgeukia Opolot. "Mheshimiwa, hii mali ni yangu. Kama unanunua, unanunua kwangu." Akataja bei yake ya haki, kwa kipaza sauti, mara mbili, ili wa nyuma nao wasikie. Kina mama wakapiga makofi. Uso wa Opolot ukawa kama wa mtu aliyeona mazishi ya jamaa yake wa karibu. Na kweli, lile fungu lake la risiti pana lilikuwa linazikwa mbele ya mashahidi. Akahesabu bei ile, akaitoa, akatabasamu kwa ajili ya picha.

Austine akamvizia Benedetta nje, karibu na pikipiki.

"Dada! Umeuza vizuri, nimefurahi. Sasa nipe funguo zangu."

"Tulisemaje?"

"Nirudishe kabla hujafunga duka."

"Duka nimefunga."

"Jua hili lote? Saa hizi?"

"Duka ni langu. Nikifunga limefungwa. Na uliurudisha kwa mkono wako?"

"Dada, ulikuwa mkononi mwa mama!"

"Basi, kwa heshima yako, ingia umpokee." Benedetta akanyoosha kidole mlangoni. Austine akatazama mlango, akatazama viatu vyake. "Na kwa hilo gunia umebeba nini?"

Gunia likateleza. Ule wa mpira, ndani ya ngozi ya kochi, ukabingirika mpaka miguuni pa Benedetta.

"Huu ndio ungebaki kwa Opolot," akasema. "Na polisi wangekuja kuuliza kwangu, kwa sababu usukani ule kila mtu Busia anajua ni wa duka gani. Ulisema hujanidanganya, Austine. Ulikuwa njiani."

Austine akainama, akauokota, akaufuta vumbi kwa ncha ya tai yake.

Jua likiwa limeinama upande wa mwamba wa Tororo, alikuwa anatembea barabara ya kuelekea Alupe, akiruka mashimo, usukani wa mpira chini ya kwapa. Nyumbani Amuron alikuwa anamngoja ili amwambie alivyo mjinga. Mwanamume ambaye bado ana wa kumwambia hivyo ni tajiri, ila wakati huo Austine hakuwa na hamu ya kujihesabia mali.

Mara akasikia kile kikohozi nyuma yake. Akageuka. Benedetta ndiye aliyeshika mpini, na nyuma yake, leso ikipepea, mikono ikizungusha usukani usiokuwepo, alikuwa Mama Ajiko.

Kuna mambo ambayo mwili unayafanya kabla akili haijaulizwa. Austine akaruka mtaro, akaingia shamba la mahindi, tai yake nyekundu ikanasa kwenye bua, naye akasimama pale amefungwa kama mbuzi, ametoa heshima yote.

Pikipiki ikapunguza mwendo. Mama Ajiko akayapa mahindi kisogo, akatazama upande wa Uganda.

"Benedetta, mwambie aliye kwa mahindi kwamba pikipiki yake inavuta vizuri sana."

"Amesikia, mama."

"Mwambie nimemwombea asichoke njiani."

"Amesikia."

Mahindi yakatikisika. Yakatulia. Halafu ikatoka sauti ndogo, yenye adabu, ya mtu aliyelelewa vizuri:

"Mwambie mama asante."