Nani Aombe Radhi Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Mchungaji kanitibulia wiki. Jana alitangaza kwamba Jumapili ijayo ni Meza ya Bwana, kila mtu ajitayarishe: ajipime moyo, na mwenye kinyongo na mwenzake wakapatane kwanza. Alipotamka "kinyongo" alinitazama mimi. Kanisa zima, mimi! Seremala, mdogo wa mke wangu, alikuwa benchi la nyuma akikagua dari.

Hatusemezani tangu alipoleta meza mpya ya madhabahuni. Kitambaa chake nilikishona mimi. Kilipotandikwa, pembe mbili zilibaki uchi kama magoti ya mtoto. Watu wakacheka. Shemeji anasema sikupima. Nilipima! Nilipima meza iliyokuwepo, ile ya zamani. Fundi gani hupima meza ambayo bado ni mti?

Basi aje yeye. Mimi ndiye mkubwa. Na aje upesi, maana mama mkwe anakuja kushiriki pamoja nasi. Nikibaki kwenye benchi wenzangu wakiinuka, atauliza. Akiambiwa, atashika upande wa mwanawe.

Jumanne, 4 Machi

Nimejitayarisha kiroho. Nimepita mbele ya karakana yake na Biblia kwapani, taratibu, nimpe nafasi ya kutubu. Hakuinua kichwa. Nikarudi, nikakohoa. Akauliza kama vumbi la mbao limenipalia, akaniletea maji. Maji! Nimekwenda kuombwa radhi, napewa maji. Nimeyanywa, lakini kwa hasira.

Jumatano, 5 Machi

Nimefunga. Si kwa ajili ya watu, ila nimemwomba mke wangu amdokeze mdogo wake kwamba sijatia kitu kinywani kwa uchungu wa kukosewa. Akasema maadamu nafunga, nifunge na mdomo pia. Kisha akakaanga vitunguu. Makusudi.

Nimefungua.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempelekea mchungaji hoja. Mtu akimsamehe mwenzake kimoyomoyo, bila kumwarifu asije akavimba kichwa, si inatosha? Hoja haina tundu. Nimeieleza kwa marefu na mapana. Alinisikiliza mpaka nikachoka mwenyewe, kisha akasema:

"Fundi, nenda kamwombe radhi shemeji yako."

Mimi! Nimwombe radhi mtu aliyenivua nguo mbele ya waumini! Ndiyo maana makanisa hayana watu.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe amefika. Kabla hajavua viatu amesema ana furaha ya kuwaona wanawe wote wakienda pamoja mezani. Mke wangu akanitazama. Nikajifanya natafuta sindano.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekubali kwenda, ila kwa akili. Nimetunga maneno haya: "Kama ulikwazika, pole." Sentensi safi. Hata uifumue uzi kwa uzi, hukuti kosa langu ndani. Nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo cha wateja.

Hakunipa nafasi. Nikiwa navaa viatu akaingia mwenyewe, kofia mkononi, mbele ya mama yake.

"Shemeji, nisamehe," akasema. "Meza niliirefusha, nikasahau kukwambia. Umeaibika kwa kosa langu."

Mama mkwe akatokwa na machozi. Akasema huyu kweli amemlea. Mke wangu akakimbilia kuchemsha chai. Mimi nimesimama na kiatu kimoja, sentensi yangu ikiniozea mdomoni. Nikasema nimesamehe. Ningesema nini? Wiki nzima nimemngoja aombe radhi, naye kaiomba vizuri hivyo! Nilichotaka ni radhi ya kunung'unika, ya uchochoroni, isiyo na shahidi.

Jumapili, 9 Machi

Sikushiriki. Mchungaji alisema tujipime mara ya mwisho, nikajipima. Nikakuta kinyongo kibichi, cha jana, kwamba jamaa kaniwahi. Mimi si mnafiki. Nikabaki kwenye benchi. Safu nzima ikainuka, mama mkwe akageuka kunitafuta kwa macho. Seremala aliporudi kutoka mezani akanishika bega, akanong'ona:

"Usijali, shemeji. Tunakuombea."

Wananiombea! Mimi niliyekosewa!

Sawa. Somo nimelipata. Meza ya Bwana ijayo ni mwezi ujao, na safari hii nitakuwa wa kwanza kuomba radhi, mbele ya mama mkwe, na machozi nitayatoa mwenyewe. Tatizo ni moja: sasa hatuna ugomvi. Kaumaliza wote, mchoyo yule.

Kuanzia kesho simsalimii.