Kipimo Kisichosomewa

Jumatatu, 4 Machi
Nimeitwa shuleni. Mwalimu wa darasa anasema binti yangu, miaka tisa sasa, hajui kusoma. Mvivu, arudie darasa. Mwalimu mkuu akapoza: kwanza apelekwe kwa mwanasaikolojia, apimwe jinsi anavyojifunza. Apimwe! Mwanangu mimi! Na mtoto wa shemeji, darasa lilelile, kila muhula anashika nafasi ya kwanza. Shemeji akisikia, nimekwisha. Mke wangu anasema kipimo hiki hakisomewi. Upuuzi. Hakuna mtihani usiosomewa, kuna wazazi wazembe tu.

Jumanne, 5 Machi
Kliniki. Nilijifanya naulizia saa ya miadi. Dada wa mapokezi akainuka kutafuta kalamu. Mezani, karatasi: maneno kumi na tano ya kumpima mtoto kumbukumbu. Pazia, kengele, bata... Nikapiga picha. Nikachomoka mlangoni kama mwizi. Mwizi nani? Mzazi!

Jioni, somo. Kuyasoma, hawezi. Nikimsomea mara mbili tu, anayameza yote. Halafu akaniuliza, "Baba, nikishinda, mwalimu ataacha kuniita gogo?" Nikamwambia arudie kuanzia pazia.

Alhamisi, 7 Machi
Siku yenyewe. Niliambiwa nikae nje, nikasimama kwenye kioo cha mlango. Mwanasaikolojia, mama mpole wa miwani, akamweleza binti kwamba atamtajia maneno, naye ayarudie. Kabla hajataja hata moja, binti akafyatua yote kumi na tano. Kwa mpangilio! Mama akavua miwani. Akatazama kioo. Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilivaa ndala.

Akatoka. "Baba, hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Mimi namtafuta mtoto, wewe unanifichia." Akasema atatumia orodha ya pili. Ipo ya pili! Nami nilipiga picha moja tu. Uzembe.

Jumatatu, 18 Machi
Majibu. Binti si mvivu. Akili anayo, na kumbukumbu ya kutisha: likiingia sikioni halitoki. Ila herufi na sauti zake hazishikani kichwani. Inaitwa disleksia. Afundishwe kwa njia inayomfaa, apewe muda wa ziada kwenye mitihani, na darasa asirudie. Binti akauliza mara mbili kama kweli si gogo. Mama yake akalia. Mimi vumbi liliniingia jichoni.

Kumbukumbu ya kutisha! Nani kamnoa? Nikampigia shemeji papo hapo.

Jumanne, 19 Machi
Muda wa ziada! Nimeuwaza usiku kucha. Mwezi ujao kazini kuna mtihani wa kupandishwa cheo, nami nimeshaufeli mara tatu. Nimejiandikisha nami nipimwe disleksia. Tangu asubuhi nipo jikoni na gazeti, nafanya mazoezi ya kusoma kwa kubabaika. Binti kanisikiliza, akacheka hadi akashika mbavu. "Baba, unakosea vibaya!"

Nimemwomba anifundishe kukosea vizuri.