Sahani ya Mgonjwa wa Mfano

Ninayo furaha kuutangazia umma kwamba huduma ya ufuatiliaji wa wagonjwa waliotolewa tumbo la chakula kwa sababu ya saratani sasa imeboreshwa, imezinduliwa na imepigwa picha. Mkurugenzi wake ni mimi. Wazo pia lilikuwa langu, na sisemi hivi kwa kujisifu, ukweli haufichiki.

Zamani mgonjwa alirudi kliniki kila baada ya muda. Muuguzi alimpima uzito, akamdunga sindano ya vitamini ambayo mwili wake hauwezi tena kuipata kwenye chakula, akamkumbusha kula kidogo kidogo. Anaenda, anarudi, anaenda, anarudi. Uzinduzi hakuna! Kamati yangu ikakaa, ikanywa chai, ikatafakari, ikaamua: mgonjwa atakayemaliza sahani mbele ya Waziri atahesabiwa amepona, na kliniki ipumzike. Chumba cha muuguzi tukakifanya stoo ya viti vya sherehe.

Mgonjwa wa mfano alikuwa fundi cherehani mmoja ambaye majirani humwita Mama Pindo. Alinijia ofisini na mdogo wake, amekonda mpaka gauni alilojishonea mwenyewe linampwaya.

"Baba, sindano yangu imepitiliza tarehe yake," akasema. "Vidole vimekufa ganzi. Juzi nimejishona kidole pamoja na kitambaa, nimekuja kujua nilipoona damu."

"Hongera. Kumbe maumivu yamekwisha."

Mdogo wake akaniangalia kama mtu aliyekanyaga kitu barabarani. "Na sindano?"

"Baada ya sahani."

Siku ya siku, ukumbi ulifurika. Itifaki niliiandika mwenyewe: hakuna mgeni wala mwenyeji atakayekula wala kuinuka kabla mgonjwa hajamaliza sahani yake. Mgonjwa kwanza! Waziri, mwenye kitambi cha kuheshimika, aliitia saini huku akitabasamu.

Mama Pindo akaletewa mlima wa wali na nusu kuku. Akachota kijiko kimoja. Akatafuna, akatafuna tena, taratibu kama anayetarizi. Halafu akaweka kijiko chini, akaegemea kiti.

"Anafanya nini?" Waziri akaninong'oneza.

"Anapumzika, mheshimiwa."

"Amechoshwa na nini?"

"Ndivyo alivyonifundisha muuguzi," Mama Pindo akajibu, maana kipaza sauti kilikuwa wazi. "Nakula kidogo, nangoja. Nikifakamia, natapika na kuzimia."

Kijiko cha pili kilichelewa sana. Mchuzi wa wakubwa ukapoa, mafuta yakaganda. Tumbo la Waziri likanguruma, kipaza sauti kikalidaka, na ukumbi, ukidhani hotuba imeanza, ukapiga makofi.

"Mama, tukusaidie nini umalize?" Waziri akauliza, jasho linamtiririka.

"Sindano, baba. Na nipimwe."

"Aitwe muuguzi! Upesi!"

Kwa kuwa viti vyote vilikuwa ukumbini, kabati la dawa mle stoo lilifikika kwa mara ya kwanza tangu maboresho yangu. Muuguzi akaja na mzani, akampima Mama Pindo pale pale mbele ya meza kuu, akakunja uso kwa alichokiona, akamdunga, akampa tarehe ya kurudi.

"Mgonjwa wangu, leo inatosha," akasema. "Kingine utakula nyumbani. Na nyie, chumba changu sasa nimekifunga. Viti vyenu mtajua pa kuvipeleka."

Mdogo mtu akatoa bakuli la mfuniko mkobani. Wakahamisha wali wote, na kuku juu.

"Mnakwenda wapi?" nikapiga kelele. "Hajamaliza!"

"Nitamalizia nyumbani, baba," Mama Pindo akasema. "Nikimaliza nitawatumia habari."

Waziri akanyoosha mkono kwenye paja la kuku lililo mbele yake. Ilibidi nimshike. Saini ilikuwa yake.

"Lakini nina njaa!" akalia.

Mama Pindo akageuka mlangoni. "Subirini tu, mheshimiwa. Si nyie mlionifundisha mimi kusubiri?"

Hadi sasa habari haijafika. Umma utaniwia radhi kwamba nimelisoma tangazo hili nikiwa nimekaa.