Boksi la Vikeki vya Okinose

Ofisi ya Kuinua Imani ya Umma, Tokyo, ilitangaza rasmi kwamba kuanzia Jumatatu hofu ya nyuklia imekoma nchini. Wananchi waliokuwa na hofu bado waliombwa kuimalizia wikiendi.

Ulibaki mji mmoja mbishi, Okinose, wenye kinu cha nyuklia kilichozimwa tangu kilipovuja. Bila sahihi ya meya wake kinu kisingewashwa, na kisipowashwa Kuwabara, ofisa imani daraja la pili, asingepandishwa cheo. Basi akatumwa kwenda kula matunda ya huko, yaliyohofiwa kuwa na mionzi, mbele ya kamera. Akala pichi, akatabasamu kwa mujibu wa mwongozo, na hakufa.

Meya Shinohara, mama mwenye duka la keki, alimkabidhi boksi la vikeki vya pichi. "Wapelekee wenzako ofisini, mwanangu. Mtu harudi safari mikono mitupu. Wakishakula, nakuja kusaini."

Kuwabara akaliweka boksi karibu na birika la chai. Wenzake wakalishangilia, kwa mbali.

"Vinapendeza hivyo!" mmoja akasema. "Ila mie nina kisukari."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Mkurugenzi Todoroki, kwa unyenyekevu wa cheo chake, aliwapisha vijana watangulie. Vijana, kwa adabu, wakamsubiri yeye. Ikaundwa kamati ndogo ya boksi, nayo ikakutana katika chumba kingine. Kuwabara aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka.

Alhamisi meya akaingia na waandishi wa habari. Mkurugenzi aliinama sana, akamsogezea kalamu. Mama yule akalitazama boksi. Utepe wake ulikuwa haujaguswa.

"Mlivipenda?"

"Mno! Tunavitunza."

"Keki haitunzwi, baba. Tule kimoja kimoja, kisha nisaini."

Kamera zikageukia boksi. Hakuna aliyenyoosha mkono. Kuwabara, akiona cheo kinampita hivi hivi, akakata utepe, akapeleka kikeki mdomoni.

"Kuwabara, acha!" Mkurugenzi akabwata. "Una watoto wadogo wewe!"

Kuwabara alikuwa keshameza. Kilikuwa kitamu, akachukua cha pili.

Meya akafunika kalamu. "Keki yangu tu mnaiogopa, na lile dude mnataka tulale nalo?"

Usiku huo maneno ya Mkurugenzi yalirushwa nchi nzima. Tangu Ofisi ianzishwe, hiyo ndiyo kauli yake ya kwanza kuaminiwa na kila mtu.